Mayi ya Jumamosi

Jumatatu, 1 Septemba

Aziza, binti yangu, una macho makavu. Miaka mitatu! Kindu si mbinguni. Watu wanatoka huko na baiskeli, samaki wamefungwa nyuma, wanafika hapa Kabondo wamechoka lakini wanafika. Wewe una miguu, una mume mwenye pikipiki, na una mdomo wa kuniambia kwenye simu, "Mama, niko nakuja mwezi huu." Mara tatu umesema hivyo. Mara tatu nimefua mapazia, nimepiga godoro juani, nimefunga bata mguu tayari kwa sufuria. Bata wa mara ya tatu alikufa kwa uzee. Sifui tena mapazia.

Simu inakula unité za vocha na haishibi, ndiyo maana naandika. Ndiyo, mimi Mwavita, ambaye sikukalia benchi ya shule hata siku moja. Herufi nilianza kuzijua kwenye magunia ya chumvi, sukari na mchele sokoni: SEL, SUCRE, RIZ. Zilizobaki alinifundisha binti yako Ramla, kwa makaa, kwenye mlango wa jikoni. Mlango ule una A mpaka Z hadi leo, na atakayeupaka rangi nitamtoa nje. Daftari hili litakaa juu ya kabati. Utalisoma siku utakayokumbuka ulizaliwa nyumba gani.

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Ramla amepata kazi, naye bado anasoma. Nitakueleza, mkono umechoka.

Jumatano, 3 Septemba

Kazi yenyewe ni hii. Chuo chake na ofisi moja ya mji inayoangalia mambo ya mayi wanataka kujua chemchemi za huku kwetu zikoje wakati wa mvua, ipi inafaa kunywa na ipi inaleta tumbo. Wamechukua wanafunzi sita.

"Si stage, Koko," Ramla akaniambia mimi bibi yake. "Stagiaire, mwenye kujifunza kazi, anabeba mufuko ya prof. Sisi ni partenaires. Tumetia sahihi sawa na bao, batu ya ofisi. Tunalipwa. Na kila Jumatatu tunakaa na bao ku meza, tunasema tuliona nini."

"Wanakulipa kuchota mayi?"

"Kupima, Koko."

"Mimi nimechota miaka arobaini. Nani alinilipa?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, mtoto, watu wenye meza hawamwiti mwanafunzi mezani bure. Watakupa pesa, kisha watakuambia cha kusema.

Halafu akaniambia lililobaki, akiangalia sahani yake. Chemchemi wanazopima ni saba, na yetu imo. Itapimwa mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Ikitoka mbaya mara zote tatu, ofisi itaifunga kwa simenti.

Aziza, kuifunga! Chemchemi ya Ndimu! Wakati wa vita ya siku sita, mabomba ya mji yalipokauka, tulishuka kule kwa matumbo, mimi na wewe, risasi zinapita juu, na wewe una mimba ya huyu huyu Ramla. Mtoto yule amejengwa na mayi yale. Ikifungwa, nyumba zote hizi za mteremkoni zitashuka mtoni na bidon, madumu ya mayi, kichwani, pamoja na mimi na magoti yangu. Na lituma yangu, ndizi za kuponda ninazouza asubuhi, je? Ndizi nitazichemsha na mate?

Nililala nimekasirika, nikaamka nimekasirika.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo walikuja. Wageni wa chuo wanakuja kwenye chemchemi yangu, na mimi niwaonyeshe majani na tope? Alfajiri nilipiga sahani kwenye kona ya njia, kila nyumba ikatoa mwanamke mmoja na fagio. Salongo, usafi wa wote, ni kila Jumamosi, unajua, na mimi ndiye mkubwa wake tangu hujaolewa. Lakini leo tulifanya salongo ya sikukuu. Colette jirani, yule wa kwaya ya parokia, alisugua mawe kwa mchanga mpaka yakang'aa. Mimi niliingia birikani, chini ya bomba la chemchemi, mpaka magotini nikakomba tope lote la chini.

Saa tatu wakafika, Ramla na kijana mmoja wa Opala anaitwa Josué, mwembamba, mrefu, kanyagio la baiskeli yake linapiga kelele kabla hajaonekana. Amevaa glavu.

"Unaogopa mayi yetu, mwana wa mto Lomami?"

"Hapana, Koko. Ni mayi ndiyo iko naogopa mikono yangu."

Jibu lilinipendeza. Sikumwonyesha. Niliuliza kwa nini Jumamosi, siku ya kazi za nyumbani. Ramla akasema siku nyingine zote wana masomo. Wakajaza chupa, wakazitia kwenye sanduku la barafu kama la wauza samaki, wakaandika saa, wakaandika kama mvua ilinyesha. Nikawapa lituma na mayi ya mtungi. Josué alikula sahani tatu.

Colette akasema, "Kwa usafi ule, watatupa medali."

Jumapili, 7 Septemba

Mvua. Paa linavuja palepale ulipokuwa ukilala. Nimeweka sufuria.

Jumatano, 10 Septemba

Nyekundu.

Ramla alisimama mlangoni bila kuvua viatu. "Koko, source yetu imetoka rouge."

"Mayi yetu ni meupe."

"Ni rangi ya karatasi. Muko vijidudu ndani. Vya mavi, Koko."

Nilimwambia arudie neno hilo mbele ya uso wangu. Akarudia. Nikamfukuza jikoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijamsemesha. Amefua nguo zangu. Sijamsemesha.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemsemesha. Chumvi ilikuwa upande wake wa meza.

Jumamosi, 20 Septemba

Mara ya pili. Safari hii sikuacha jiwe. Niliwaambia wanawake, tumeaibika mara moja, hatuaibiki tena. Tulianza giza halijaondoka. Tuliondoa majani, tukakwangua ukijani ndani ya mawe kule mayi yanakotokea, tukaingiza fagio mpaka ndani kabisa. Colette alileta chokaa akapaka mawe ya kando. Chemchemi ilikuwa kama bibi harusi.

Josué alipofungua sanduku lake nikanusa ndani. "Hili linanuka samaki. Ndilo linachafua mayi yangu."

"Koko, ni sanduku mupya."

"Basi ni wewe."

Ramla alitaka dunia ipasuke chini ya miguu yake. Kijana alicheka tu, akaosha mikono mara mbili mbele yangu ili nione. Baadaye alikuja kula. Sikumnyima. Hasira ni hasira, na njaa ya mtoto wa watu ni jambo jingine.

Jumatano, 24 Septemba

Nyekundu tena, na mbaya kuliko ya kwanza. Papa Hubert, chefu wetu wa kartie, mkuu wa mtaa, alipita na karatasi mkononi akitembea kama anabeba maiti. Alisema mara ya tatu ikiwa vilevile, simenti italetwa kabla ya mwisho wa Oktoba. Nikamuuliza yeye mwenyewe anakunywa mayi ya wapi. Akasema, "Ya hapa, Mama. Tangu nizaliwe."

"Na umekufa mara ngapi?"

Alikunja karatasi.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo kwenye chemchemi, mbele ya bidon kumi na moja na wenye nazo, Colette alisema bila kunitazama, "Batoto ya bengine bako nalipwa juu ya kufunga mayi ya bamama zabo."

Nikaweka bidon chini. Nilimwambia, Colette, tumeshirikiana ndoo hii tangu tuna meno yote. Ukitaka kunitukana mimi, nitukane, nimezoea. Lakini huyo mtoto ulimsafisha wewe mwenyewe siku aliyozaliwa, kwa mayi haya haya, na leo unamwita msaliti? Anaandika anachokiona. Angeandika uongo ili akufurahishe, ungemwamini siku tumbo likikushika?

Colette alijaza bidon yake akaondoka.

Aziza, nilimtetea vizuri. Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe, moyoni, nilikuwa nawaza kama Colette. Nilipofika nyumbani nikamuuliza Ramla: kwani huwezi kuandika kijani mara moja tu?

"Koko, kama naandika kijani na mutoto anakufa kuhara, utaniangalia namna gani?"

Nikaenda kumenya ndizi.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua siku ya nne. Toleka hazipandi kilima, waendeshaji wanasukuma baiskeli na abiria wanatembea kando, wamelipa. Nimeuza lituma kidogo. Ramla hali chakula vizuri.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mara ya mwisho. Wanawake thelathini na wawili, fagio mpya zote. Hata Colette alikuja, tukasafisha bega kwa bega bila neno. Tulimwaga birika lote, tukalikomba, tukalisugua, tukaliacha lijae upya. Tulimaliza saa mbili na nusu. Saa tatu Josué akainama na chupa yake. Sikumtania. Nilisoma Fatiha kimyakimya, na nikamwona Colette anafanya msalaba.

Jumatano, 8 Oktoba

Nyekundu. Jumatatu mezani wataandika uamuzi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kaa chini, Aziza, ya leo ni ndefu.

Asubuhi nilishuka kuchota mayi ya lituma. Hakukuwa na mtu. Nikajaza glasi, ile ya maua uliyoniachia, nikaiinua juani. Hakuna kitu ndani. Mayi yalikuwa safi hadi glasi ilionekana tupu. Nikapanda nayo mpaka nyumbani, polepole, nikaiweka mbele ya Ramla ambaye alikuwa anasoma na chai yake imepoa.

"Niambie mavi yako wapi."

"Koko, hayaonekani na macho."

"Ya Jumamosi yanaonekana. Haya angalia."

"Ya Jumamosi inaonekana nini?"

"Mayi ya Jumamosi. Yale ya salongo. Si unajua yanakuwa na vumbi vumbi."

Aliinua kichwa. "Na batu banakunywa?"

"Nani anakunywa mayi ya Jumamosi?" Nilimcheka. "Hakuna mtu anakunywa mpaka baada ya adhuhuri. Tunafulia. Kunywa ni ya mtungi, tuliyochota Ijumaa. Hata Colette na rozari yake anasubiri adhana yetu ndipo ateremke na bidon ya kunywa. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua."

"Wewe umekunywa ya mtungi kila Jumamosi ya maisha yako. Ulidhani kwa nini?"

Kijiko kilimtoka mkononi. Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Koko. Sisi tunapima Jumamosi. Saa tatu. Saa tatu mumetoka kukoroga."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini.

Aziza, ni mimi. Ni fagio langu. Mara ya kwanza nilikomba tope kwa sababu ya wageni. Mara ya pili nilikwangua mpaka ndani kwa sababu ya aibu. Mara ya tatu niliita wanawake thelathini na wawili waje kukoroga uchafu wa miaka, nikakabidhi chupa ya uchafu huo kwa watu wenye simenti. Kadiri nilivyosafisha ndivyo ilivyotoka mbaya. Na nilimwambia kijana wa watu kwamba ananuka samaki!

Nililia. Si kidogo. Ramla alinishika mabega.

"Koko, acha. Bon, tutasema Jumatatu."

"Watakuamini?"

Hapo akasema linalomchoma. Karatasi zote tatu zina sahihi yake. Akisimama kusema kipimo ni kibaya, watasema msichana anatetea chemchemi ya nyanya yake, na anakuja kuitetea baada ya kushindwa mara tatu. Wanaweza kumtoa mezani.

"Basi nyamaza," nikasema. "Nitasema mimi."

"Hapana, Koko. Sema na wewe. Lakini mimi siwezi kunyamaza. Habanilipi niitikie. Banalipa juu nione, niseme. Kama siseme hii, ile pesa nilikula ya nini?"

Nilimtazama, Aziza. Mwezi mzima nilidhani wamemnunua mdomo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilivaa kitenge kile cha arusi ya dada yako. Nilipanda toleka mpaka chuoni. Miaka ishirini nimeuza lituma nje ya lile lango na sijawahi kuingia. Mlinzi akasema, "Mama, wauzaji bako upande ule." Nikamwambia leo siuzi, leo nimekuja kuungama, na wewe ni Muislamu wa msikiti wangu usinisumbue. Akafungua.

Meza ni ndefu kweli. Upande mmoja wazee wa chuo na mtu wa ofisi ya mji mwenye kalamu mbili mfukoni, upande mwingine wanafunzi sita, na viti ni sawa. Hilo niliangalia kwanza: viti ni sawa. Mkubwa ni Profesa Célestin, mtu mzima, miwani iko kwenye paji la uso na anaitafuta mezani.

Ramla alisimama. Akaziweka karatasi tatu mezani.

"Karatasi ya kwanza iko na sahihi yangu. Ya pili pia, ya tatu pia. Donc sisemi mulikosea. Nasema tulikosea."

Akaeleza yote, salongo, mtungi, adhuhuri. Mtu wa kalamu mbili akacheka puani. "Mademoiselle, si hii source iko nyuma ya nyumba yenu?"

"Iko nyuma ya nyumba yetu."

"Alors, unatetea nyumba yenu."

"Ndiyo maana naomba mimi nisipime tena. Bengine bapime. Siku mimi sijui, siku koko hajui."

"Na tunalipa wanafunzi ili watuambie kwamba hatujui kazi?" yule mtu akamuuliza Profesa, kana kwamba mtoto hayupo.

Profesa alikuwa ameipata miwani. Aliivaa. "Ndiyo," akasema. "Hiyo ndiyo tuliandika ku karatasi." Kisha akamgeukia Josué. "Wewe ulichota. Uliona nini?"

Josué alisimama, karibu aguse taa. "Prof, mayi ilikuwa imevurugika. Nilifikiri iko vile siku zote. Kwetu Opala pia, siku ya kusafisha batu habanywi. Nilijua. Sikufikiri kuuliza." Akatazama chini. "Nilikuwa nawaza lituma."

Walicheka wote, hata mwenye kalamu. Ndipo nikasimama.

Nikawaambia: mimi ni Mwavita, sikusoma, na mayi mliyoyapima nimeyachafua mimi kwa fagio langu, kwa heshima yenu. Mngekuja bila kusema, mngekuta mayi. Mmesema mnakuja, mmekuta usafi.

Profesa akaniuliza, kwa adabu, "Mama, juu ya nini hamukutuambia mayi ya Jumamosi hainywiwi?"

"Papa Profesa, mlituuliza?"

Akatazama ile karatasi yao ya kujaza. Iko na mahali pa saa. Iko na mahali pa mvua. Mahali pa "watu wamefanya nini hapa kabla yenu" hapana. Aliisoma mbele na nyuma, akaiweka mezani, akavua miwani tena.

"Chemchemi zote saba tumepima Jumamosi," akasema polepole, kama mtu anayegundua ameacha mlango wazi.

Uamuzi: simenti inangoja. Zote saba zitapimwa upya mara tatu, siku za kati ya wiki. Ya kwetu watapima Josué na mwenzake. Na mimi, wakaniambia, nisijue siku.

Nje, Ramla alikaa kwenye ngazi. Kisha akasema ana njaa. Nikajua amepona.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemwambia Colette. Akasema, "Chokaa yangu pia?" Nikasema chokaa yako pia. Akaja nyumbani na mafuta ya mawese chupa moja, akampa Ramla, hakusema kwa nini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Salongo kama siku zote. Nimeona aibu kushika fagio, lakini majani hayajifagii.

Jumanne, 21 Oktoba

Aziza, kutojua siku ni adhabu. Nikisikia kanyagio la baiskeli, nakimbilia mlangoni. Jani moja linaelea birikani tangu asubuhi, nimelitazama saa nzima. Mkono unawasha. Sikuligusa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimekuta alama kubwa ya mguu kwenye tope. Ni Josué au ni ng'ombe wa jirani. Sijauliza.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua kubwa, mteremko wote ni mto. Colette aliniita: twende tuondoe takataka birikani kabla hawajaja. Tulifika mpaka nusu ya njia, fagio mkononi, tukaangaliana, tukarudi. Tulicheka mpaka nikashika nguzo ya umeme. Colette akasema, "Tumezeeka, wanatufundisha uvivu."

Jumapili, 2 Novemba

Ramla anajua kitu au hajui? Anaimba akiosha vyombo. Anaweza kuimba kwa lolote.

Jumatano, 5 Novemba

Baiskeli ya Josué ilisikika tangu barabarani. Ramla alikuwa bado chuoni, na kijana alisimama uani akihema, karatasi ndani ya plastiki kwa ajili ya mvua.

"Koko, soma wewe mwenyewe."

Miwani sina, unajua, nasoma kwa kunyoosha mkono. Nilinyoosha. Neno la kwanza lilikuwa BON, mazuri. La pili BON. La tatu, la siku ile ya mvua kubwa, lilikuwa MOYEN.

"Moyen ni nini?"

"Katikati. Baada ya mvua kubwa, birika la chini halifai mpaka litulie. Bomba la juu liko muzuri. Bataweka mufereji wa mawe kando, mayi ya barabara isiingie."

"Simenti?"

"Simenti ni ya mufereji, Koko."

Nilimshika yule kijana mrefu shingoni nikamvuta chini nikambusu paji la uso, na glavu zake mfukoni na tope lake lote. Nikamwambia hanuki samaki, hakuwahi kunuka. Akasema anajua. Nilipiga sahani kwenye kona, ingawa haikuwa Jumamosi, wanawake wakatoka na fagio wakidhani ni kazi. Colette aliposikia alitupa la kwake juu ya paa la Papa Hubert, na lipo kule mpaka sasa.

Ramla aliporudi alitukuta tunaimba, nyimbo za kwaya na za maulidi zimechanganyika. Hakuimba. Alikaa juu ya bidon iliyoinamishwa, akaweka uso ndani ya mikono, mabega yakashuka taratibu kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Nilimwacha. Kisha nikampa glasi ya maua, imejaa, ya siku hiyohiyo. Akanywa yote.

Chemchemi zote saba zilikuwa nyekundu; nne zimegeuka kuwa nzuri. Mbili kweli ni mbaya, nazo zitatengenezwa. Moja bado wanaipima. Fikiria, Aziza, wangetia simenti.

Jumatatu, 10 Novemba

Ramla ameninunulia miwani, ya pesa yake. Kumbe nilikuwa naandika herufi kubwa kama mbuzi. Kumbe pia nina mikunjo mingi hivi, hakuna aliyeniambia.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo wanafunzi wote sita walikuja salongo, si kupima. Niliwapa fagio. Wawili hawajui kushika, nimewaaibisha kidogo, wamejua. Profesa Célestin mwenyewe alikuja, suruali imekunjwa, akateleza akakaa kwenye tope. Nilimwambia abaki hapo hapo, awe jiwe. Tukakaa wote kando kungoja adhana, na hakuna aliyekunywa.

Profesa akanionyesha karatasi mpya ya kujaza. Chini ya mstari wa mvua kuna mstari mwingine, nikausoma kwa sauti bila kusaidiwa: watu wamefanya nini hapa kabla ya kipimo. Ramla ndiye aliyeuandika. Wanaujaza sasa kwenye chemchemi zote.

Nilimwambia Ramla mbele yao kwamba nilikosea kuhusu ile meza. Akasema, "Koko, rudilia, sijasikia vizuri." Sikurudia.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua zinapungua, na daftari limebakiza ukurasa mmoja. Halikai tena kabatini, kesho linakuja Kindu na mtu wa samaki, kwa hiyo sikia vizuri, Aziza.

Usinipigie simu kwamba uko njiani. Usimwambie Ramla, usimwambie Colette, ambaye hawezi kuficha hata pipi. Chagua siku wewe mwenyewe, siku ya kati ya wiki, uje. Usipitie nyumbani kwanza. Shuka moja kwa moja mpaka Ndimu na bidon tupu, chota bomba la juu, kunywa ukiwa umesimama, ndipo upande. Utanikuta na nguo ya jikoni, mapazia machafu, godoro halijapigwa, bata anatembea uani. Ndiyo nyumba yako ilivyo, na mimi ndivyo nilivyo. Bidon ilete imejaa.